Spika Nne za Ploti Moja

Mama Zeddy alikuwa na mikono ndani ya karai akiosha vikombe vya mchana, Eriali alipofika akiruka madimbwi na kusema kwamba Akoth amerudi. Kikombe kilimponyoka kikazama. Alikipapasa chini ya povu polepole, kama mtu asiyetaka kukipata. Hapo ni barazani kwa Fundi Balbir, nyuma ya maghala ya nafaka mjini Nakuru, penye benchi moja la mbao ambalo kwa miaka sita limekaliwa na watu wale wale. Kuna Balbir mwenyewe, anayetengeneza TV na redio mlango ukiwa wazi ili asipitwe na maneno. Kuna Mzee Saa Moja, mstaafu wa reli, aliyepewa jina hilo kwa sababu taarifa ya habari ya saa moja ikianza hata mkewe haruhusiwi kukohoa. Na kuna Micah, kijana anayepanda juu ya mabati ya watu kuwafungia eriali, ndiyo maana anaitwa Eriali na hakuna anayemwita Micah. Birika la kahawa ni la Mama Zeddy. Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka wa elfu mbili na nane, mvua inanyesha kila alasiri, na Akoth hakuwa ameonekana mtaani tangu Januari.

— Amerudi kukaa? aliuliza Mzee Saa Moja.

— Sijui, mzee. Nimemuona kwa ploti na watoto wake wawili. Anafungua kufuli ya nyumba yake.

— Amekwambia nini?

— Angeniambia aje? Nilipitia nyuma.

— Ulipitia nyuma! Wewe ambaye unasalimia watu kutoka juu ya paa?

— Hata wewe ungepitia nyuma, mzee.

Mzee alinyoosha kikombe, Mama Zeddy akammiminia, na wote watatu wakaangalia kahawa ikiingia kana kwamba ni jambo jipya. Walikuwa wapangaji wa ploti moja: vyumba vinane vinavyotazamana, bomba moja la maji katikati. Mama Zeddy namba mbili, Mzee namba tatu, Eriali namba sita. Akoth alikuwa namba nne kwa miaka saba.

Balbir peke yake ndiye hakuonekana kusumbuka. Aliingia dukani, akatoka amekumbatia TV ya inchi kumi na nne, akaiweka juu ya kaunta ikiwaangalia.

— Vizuri sana, alisema. Hii ni yake. Aliniletea Desemba kabla ya Krismasi. Ilikuwa ni waya moja tu imekatika. Mwambieni akuje achukue.

— Ataijia mwenyewe, alisema Eriali.

— Lakini wacha niwaulize kitu. Hii kitu imenisumbua akili tangu mwezi wa pili. Mimi ni fundi miaka thelathini. Spika ya TV kupasuka naona labda mara moja kwa mwaka. Mwezi wa pili nimeletewa nne. Zote zimechanika ile karatasi ya katikati. Na zote nne zimetoka kwa ploti yenu.

Mtu akakohoa. Balbir akasubiri, bisibisi mkononi.

— Ni stima, alisema Eriali haraka. Januari viwanda vilifungwa, si ni kweli? Sasa ile stima yote ya viwanda ilienda wapi? Iliingia kwa manyumba. Spika ndogo hivi itafanya nini na stima ya kusaga unga?

— Stima ikizidi inaunguza mahali ingine kabisa. Spika haigusi.

— Basi ni magadi. Upepo wa Januari unatoka ziwani. Ile magadi inaruka inaingia kwa TV inakula karatasi polepole.

— Kwa hivyo magadi ilitoka ziwani, ikapita nyumba mia tano, ikaingia kwenu?

— Upepo unajua kwenye unaenda, boss.

— Kijana, wewe umeketi juu ya paa mpaka jua limekupiga, alisema Mzee Saa Moja. Sikiliza. Zamani stesheni ilikuwa moja. Sauti ya mtu mmoja inakuja pole pole kwa mlango wake. Leo stesheni ni ngapi? Zote zinang'ang'ania mlango ule ule. Zimesukumana hapo mpaka karatasi imechanika.

— Mzee, si unachagua moja na rimoti!

— Unachagua ya kuangalia. Zile zingine zimeenda wapi?

— Hazijaenda popote. Hazijaingia.

— Ziko hapo nyuma zinangoja. Ndiyo maana ukibonyeza kidogo tu, zinatokea. Kitu ambacho hakikuwa karibu kingewezaje kufika haraka hivyo?

Balbir aliangalia mbinguni.

— Na si hiyo tu, aliendelea Mzee, maana sasa alikuwa amepata moto. Mnakumbuka serikali ilikataza matangazo ya moja kwa moja. Watangazaji wakabaki na maneno mdomoni, hawana pa kuyatemea. Unafikiri maneno hupotea? Yalipita chini kwa chini, kama hewa kwa mpira wa baiskeli. Yalipofika kwa spika zetu, pu!

— Na kwa nini hayakupasua zile zingine nne za hiyo ploti? aliuliza Balbir. Namba moja, namba saba, namba nane, na hii ya Akoth.

— Ya Akoth ilikuwa kwako.

— Eh. Na zingine?

— Namba moja alikuwa amesafiri, alisema Eriali. Saba na nane pia.

— Kwa hivyo zilipasuka za wale walikuwa nyumbani.

Hapo ndipo mzaha ulipowaishia. Mama Zeddy alikuwa hajacheka tangu mwanzo. TV yake ndiyo iliyofika kwa Balbir ya kwanza kati ya zile nne, imefunikwa shuka, na alipoulizwa imefanya nini alisema watoto wameichezea.

Mzee Saa Moja akaona heri arudi zamani, mahali ambapo hakuna wa kumshika.

— TV ilikuwa na heshima zake, alisema. Ina miguu minne, mlango wa mbao na kufuli. Baba anaenda kazini na ufunguo mfukoni.

— Na akirudi? aliuliza Eriali.

— Akirudi anaifungua, na mtaa mzima uko ndani. Watoto chini, wamama kwa viti, vijana kwa dirisha. Unaona visogo ishirini na kipande ya sikio ya mtangazaji.

— Kwetu tulikuwa na ile plastiki ya rangi tatu, alisema Balbir, akisahau spika kwa muda. Unabandika juu ya kioo, halafu unasema una TV ya kala. Juu bluu, katikati nyekundu, chini kijani. Mtangazaji ana nywele ya bluu na tumbo ya nyasi.

— Ng'ombe akipita?

— Ng'ombe naye ana mgongo ya bluu. Baba yangu alikuwa anasema ni ng'ombe wa Ulaya.

Walicheka, na kicheko kikawapa nguvu.

— Siku hizi kila mtu na yake, alisema Eriali. Mimi nimefunga eriali nane kwa hiyo ploti. Nane! Huyu anaangalia mieleka, yule soap ya Kimeksiko, yule kwaya. Ukuta ni mmoja na hakuna mtu anajua mwenzake anacheka nini.

— Mathe, mbona umenyamaza hivyo? Balbir alimuuliza Mama Zeddy. Kwenu Elburgon mlikuwa mnaangalia wapi?

— Kwa jirani.

— Stima ilikuwa imefika?

— Haikuwa. Ilikuwa betri ya gari. Ijumaa watoto wawili wanaipitishia kijiti kwa mshikio, wanaibeba mpaka kwa mashini ya kupasua mbao ichajiwe. Kila wiki zamu ya nyumba nyingine. Kama hujabeba, Jumamosi unaingia tu, hakuna mtu anakuuliza. Lakini unaona haya mwenyewe.

— Na betri inashika?

— Inashika ukiweka sauti chini. Tuliambiwa sauti ndiyo inakula betri. Sasa watu thelathini wananyamaza, hata mtoto mchanga anapewa titi asilie.

— Hiyo ni kuangalia TV au ni matanga?

— Tulikuwa tunasikia kila kitu, alisema Mama Zeddy. Hata mtu akipita nje barabarani tulimsikia.

— Jirani gani huyo mwenye roho safi hivyo? Watu thelathini kila Jumamosi!

Mama Zeddy aliinuka kuongeza makaa kwenye jiko la birika, ingawa makaa yalikuwa ya kutosha.

Jirani huyo alikuwa babake Akoth. Alikuwa mpasuaji mbao, mkono wa kushoto una vidole vitatu, na mkewe hakuwahi kufunga mlango Jumamosi mpaka mtoto wa mwisho apate kiatu chake. Mama Zeddy aliketi kwenye sakafu ile miaka sita. Akoth alipokuja Nakuru kutafuta kazi, yeye Mama Zeddy ndiye aliyemtafutia chumba namba nne.

Na kuanzia Krismasi, TV ya Akoth ikiwa kwa fundi, kila jioni Akoth alikuwa akibisha namba mbili aje kusikiliza habari. Ndivyo ilivyokuwa mpaka Jumapili moja ya Januari, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, saa kumi na moja, vijana waliposimama langoni na kuanza kuuliza wapangaji kwa majina yao ya ukoo. Jina la Akoth lilikuwa kati ya waliyoyataka. Jina la Mama Zeddy halikuwamo. Baba Zeddy alikuwa Kamere, kwenye shamba la maua, barabara imefungwa. Mama Zeddy alikuwa na watoto watatu chumbani, TV inawaka. Akasikia mlango ukibishwa. Akasikia akiitwa: Mama Zeddy, ni mimi. Akachukua rimoti na kubonyeza sauti mpaka ikafika mahali haiendi tena.

Hakuwa ameyapanga. Kidole kilibonyeza. Kisha katikati ya kelele ile akasikia mlango wa namba tatu ukibishwa, na TV ya Mzee Saa Moja ikipanda. Namba tano, ikapanda. Namba sita, ya Eriali, ikapanda. Akoth akapita na watoto wake nyuma ya vyoo, penye mabati yaliyotoboka, akaenda. Hakuna aliyewagusa, hilo walikuja kulisikia baada ya wiki mbili, kwamba wako kambini. Na hata baada ya kulisikia, hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyemtajia mwenzake jioni ile.

— Hamjambo hapa.

Hakuna aliyekuwa amesikia hatua zake. Akoth alisimama pembeni ya baraza, amevaa gambuti na kitambaa kichwani, amekonda usoni.

— Hatujambo, Mama Awino, alisema Mzee Saa Moja akiinuka upesi kuliko umri wake. Karibu. Keti hapa. Keti mahali pangu.

— Nashukuru, mzee. Sikai. Nimeijia TV.

— Iko tayari tangu siku nyingi! alisema Balbir. Ilikuwa waya tu. Angalia.

Akaichomeka. Picha ikaja safi, mwanamke anatangaza sabuni, sauti iko chini.

— Umerudi kabisa, ama? aliuliza Eriali, macho yako kwenye sabuni.

— Gari ni kesho asubuhi. Tunaenda kwa dada yangu Kisumu.

— Kisumu ni kuzuri.

— Umewahi kufika?

— Hapana.

Akoth alitazama TV kidogo. Kisha akageuka, akawatazama mmoja mmoja, bila ukali.

— Kuna kitu nilitaka kuwauliza, kwa vile nimewapata pamoja. Sijakuja kugombana. Ni kitu tu nimekuwa nikiwaza huko kambini na nimeshindwa. Ile jioni nilibisha, kila mtu alikuwa anaangalia TV. Kulikuwa na nini?

Mzee Saa Moja akarudi kuketi.

— Kwa TV, alisema Akoth. Mlikuwa mnaangalia nini?

Mzee Saa Moja, mtu anayeweza kukutajia habari zilizosomwa siku jua lilipopatwa mwaka wa themanini, alifungua mdomo na haukutoka hata upepo. Eriali alikuwa anachunguza paa la jirani. Balbir aliangalia TV, akawaangalia, akaangalia sanduku la chini ya meza alimotupa zile spika nne zilizochanika. Akaiweka bisibisi chini taratibu sana. Akachomoa waya wa TV ukutani.

Mama Zeddy aliinamisha birika juu ya kikombe kisafi, ampe Akoth angalau kitu cha kushika. Yakatoka machicha tu.

— Basi, alisema Akoth. Nilikuwa nauliza.

Akatandika leso yake, TV ikawekwa juu, akashika ncha mbili. Mama Zeddy akajifuta mikono kwenye sketi, akashika ncha mbili nyingine. Hakuna aliyemwambia. Wakaondoka.

— Shika karibu na chini, alisema Akoth. Si huko kwa kioo.

— Nimeshika.

— Kuna dimbwi.

— Nimeliona.

Walitembea. Mama Zeddy alikuwa amelitafuta neno la kwanza tangu Januari, amelitafuta akisonga ugali, amelitafuta kanisani, na sasa Akoth alikuwa hatua moja mbele yake na neno lenyewe halipo.

— Akoth.

— Tembea, ni nzito.

Walipofika kwenye jiwe la kona waliitua wapumzike. Akoth alijinyoosha mgongo.

— Watoto hawajui, alisema.

— Hawajui nini?

— Niliwaambia hamkuwa nyumbani. Nikasema mlikuwa mmeenda Kamere kwa Baba Zeddy, mkasahau TV ikiwaka. Awino kila siku alikuwa ananiuliza kama Zeddy amerudi.

Mama Zeddy angepokea matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi.

— Kwa nini uliwaambia hivyo?

— Ulitaka niwaambie nini? Wewe ndiye ulimfunza Awino kusoma saa. Tulikuwa tunalala kwa hema na watu mia mbili. Nilitaka wawe na mtu mmoja huku.

Mvua ilianza kudondoka. Mama Zeddy alivua sweta yake, akaifunika TV.

— Leo mnapika nini?

— Jiko halipo. Dirisha lilivunjwa, walichukua vile vidogo.

— Basi mje kwangu.

— Watoto watakuja.

— Na wewe?

— Inua, alisema Akoth. Inalowa.

Saa moja kasoro, Mama Zeddy alikuwa anasonga ugali. Watoto walikuwa wamejaa chini: binti yake Zeddy, miaka kumi na mitano, mapacha wake wawili, Awino wa Akoth, miaka tisa, na mdogo wake Ouma. TV ilikuwa imezimwa. Pacha mmoja aliomba iwashwe akaambiwa hapana, na jinsi alivyoambiwa hakuomba tena. Akoth aliwaleta watoto wake mpaka mlangoni, akabaki pale, bega moja ndani, bega moja nje kwenye mvua.

— Zeddy, alisema Awino, kule Kamere uliona viboko?

— Kamere lini?

— Ile siku. Si mlikuwa mmeenda Kamere? Mama alituambia.

Zeddy alimwangalia mamake. Jioni ile ya Januari yeye ndiye aliyeinuka kwenda kufungua mlango, akashikwa mkono. Mapacha wakamwangalia Zeddy. Akoth aligeuza uso, akatazama bomba la maji.

Mama Zeddy aliupindua ugali kwenye sinia, akaupapasa kwa mwiko ukakaa sawa. Uwongo ulikuwa tayari, umetengenezwa na mtu mwingine, naye amepewa bure. Ilibaki yeye kunyamaza tu, na angekuwa mtu mzuri mpaka Kisumu.

— Hatukuwa Kamere, alisema. Tulikuwa humu ndani. Mama yako alibisha, na mimi nikamsikia. Nikaongeza sauti ya TV.

Awino hakuelewa upesi. Ilionekana usoni mwake jinsi alivyokuwa anairudia jioni ile yote, mlango kwa mlango, akiwaweka watu mahali walipokuwa.

— Kwa nini?

— Niliogopa wale vijana wangeingia na huku. Lakini nisikudanganye. Nilikuwa nimeshaongeza sauti kabla hata sijaanza kuogopa.

— Hata mimi nilibisha, alisema Awino.

— Najua. Nilikusikia. Kulikuwa na mkono unabisha juu na mwingine unabisha chini.

Zeddy alianza kulia bila sauti, akajifuta kwa kiwiko kwa hasira. Ouma, ambaye njaa ilikuwa imemshika, aliuliza kama mboga ina nyama. Aliambiwa ni sukuma na mayai. Akasema ni sawa.

Akoth akavua gambuti, akaziegemeza ukutani, akaingia, akaketi kwenye kigoda kilicho karibu na kizingiti. Hakumwangalia Mama Zeddy. Hakusema amesamehe, wala hakuulizwa.

— Nipakulie kidogo, alisema.

Mama Zeddy alikata ugali kwa mwiko, kipande kwa kipande, akigawa mboga asimpunje mtu. Zeddy. Pacha wa kwanza, pacha wa pili. Ouma, akaongezewa yai. Awino, ambaye alipokea sahani kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, bila kusema asante. Akoth. Sahani zikaisha kwenye sita. Akahesabu vichwa tena, akapata saba, yeye mwenyewe akiwemo, akajipakulia kwenye kifuniko cha sufuria, akaketi chini kula.